Leo Ni Sikukuu ya Nani? Kuifumbua Siku ya Columbus ya Marekani

Jumatatu ya pili ya Oktoba, mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa Ohio baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alinipigia simu akiwa mlangoni pa posta. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, na mkononi ana kile kikaratasi cha kuchukulia kifurushi. Benki ya jirani nayo imefungwa. Lakini mwanawe alikuwa ameamka alfajiri kwenda zamu ghalani kama siku zote, na ofisi za jiji alizozipita njiani zilikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka.

“Mwanangu,” akaniuliza, “leo ni sikukuu au si sikukuu? Na kama ni sikukuu, ni ya nani?”

Nikamwambia ni ya Columbus. Akanyamaza kidogo. “Columbus si ndio mji huu tunaoishi?”

Ndio huu. Mji ulianzishwa mwaka 1812, ukapewa jina la nahodha aliyekufa miaka 300 kabla, ambaye hakuwahi kufika Ohio wala popote karibu na Ohio. Nilimweleza mama yule kwa dakika chache nilizokuwa nazo, na baadaye nikajua sikumtendea haki, kwa sababu habari hii ina mafundo manne yaliyofungwa pamoja, na watu wengi hubishana kuhusu fundo moja huku wakivuta lingine. Kuna baharia. Kuna gavana. Kuna wahamiaji wa Kiitalia. Na kuna watu waliokuwa ufukweni siku merikebu zilipotia nanga.

Kwanza nijibu swali lake la posta, maana ndilo linalowahusu wageni wengi. Marekani ina sikukuu 11 za serikali kuu, na Siku ya Columbus ni mojawapo. Lakini sheria ya sikukuu hizo huwafunga watumishi wa serikali kuu tu. Posta hufungwa, mahakama za shirikisho hufungwa, na benki nyingi hufuata kwa sababu Benki Kuu haifanyi kazi siku hiyo. Majimbo hayalazimiki kufuata, miji hailazimiki, na mwajiri binafsi hufanya apendavyo. Soko la hisa la New York hufunguliwa siku hiyo, ilhali soko la hati fungani hufungwa. Kwa hiyo mama yule hakukosea hata kidogo: barabara ileile ilikuwa na sikukuu upande mmoja na siku ya kazi upande wa pili.

Tuanze na baharia.

Christopher Columbus alizaliwa Genoa mwaka 1451. Tarehe 3 Agosti 1492 aliondoka bandari ya Palos, kusini mwa Hispania, na vyombo vitatu: Santa María, Pinta na Niña. Tulifundishwa shuleni kwamba watu wa wakati ule waliamini dunia ni bapa na yeye peke yake akaamini ni mviringo. Si kweli. Wasomi wa Ulaya walijua dunia ni mviringo, na wataalamu waliompinga walimpinga kwa jambo la maana zaidi: walisema hesabu yake ya umbali ni mbovu. Walikuwa sahihi. Columbus alikuwa amesoma vipimo vya al-Farghani, mwanafalaki wa karne ya 9 aliyeandika kwa Kiarabu, akadhani maili zake ni sawa na zile fupi za Kiitalia. Dunia ikasinyaa mkononi mwake. Alikadiria kwamba kutoka visiwa vya Kanari hadi Japani ni kama maili 2,400 za baharini. Ukweli ni zaidi ya 10,000. Kama pasingekuwa na bara katikati, yeye na watu wake wangekufa kwa kiu na njaa.

Ustadi wake ulikuwa kwenye upepo, na hapa watu wa mwambao wetu watamwelewa upesi kuliko wengine. Kwetu upepo hugeuka kwa msimu: kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huyarudisha, na nahodha asiyejua kungoja hupotea. Katika Atlantiki, pepo kubwa hazigeuki kwa msimu namna hiyo, bali hutofautiana kwa mahali. Usawa wa Kanari huvuma kuelekea magharibi karibu mwaka mzima. Ukipanda kaskazini zaidi, unakuta upepo wa kukurudisha Ulaya. Columbus alishuka kwanza hadi Kanari, akang’oa nanga kisiwani Gomera tarehe 6 Septemba, akapata upepo wa nyuma. Wakati wa kurudi alipanda kaskazini akautafuta ule mwingine, akaupata. Njia hiyo ya mzunguko mabaharia wa matanga waliifuata kwa karne kadhaa baada yake. Kwa ubaharia, heshima yake ni halali, na sioni faida ya kumnyima.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Oktoba, baharia anayejulikana kwa jina la Rodrigo de Triana alipiga kelele kwamba ameona nchi kavu. Mfalme na malkia walikuwa wameahidi posho ya maisha, maravedi 10,000 kwa mwaka, kwa atakayeiona wa kwanza. Columbus akadai kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameona mwanga saa chache kabla, na posho akaichukua yeye. Naitaja habari hii ndogo kwa sababu inatangulia nyingine kubwa: mtu huyu alikuwa na tabia ya kuandika jina lake juu ya kitu kilichokwisha kuonwa na mwingine.

Kisiwa chenyewe kipo katika Bahamas za leo. Wenyeji, tawi la Wataino lililoitwa Walukayo, walikiita Guanahaní. Akakipa jina San Salvador. Katika kumbukumbu zake za safari aliwasifu kwa ukarimu na upole. Na siku mbili baada ya kushuka aliandika kwamba kwa watu 50 angeweza kuwatiisha wote na kuwafanyisha alitakalo. Akiamini amefika visiwa vya pembeni mwa Asia, aliwaita “Wahindi”. Kosa hilo lilihamia lugha nyingi, na hata Kiswahili chetu kwa miaka mingi kiliandika “Wahindi Wekundu” vitabuni, mpaka leo wapo wanaoliandika bila kujua kwamba wanarudia hesabu mbovu ya mwaka 1492.

Fundo la pili ni gavana, na hapa ndipo wengi wanaomtetea hupenda kuharakisha. Mimi nitapunguza mwendo.

Safari ya pili, mwaka 1493, haikuwa ya kuchungulia. Vyombo 17 na watu zaidi ya elfu moja waliondoka Hispania kwenda kukaa. Columbus alikuwa na mkataba na ufalme: angekuwa amiri wa bahari, gavana wa nchi zote atakazozipata, na mwenye sehemu ya kumi ya mali. Makao yao yalikuwa kisiwa alichokiita Hispaniola, ambacho leo ni Haiti na Jamhuri ya Dominika. Alikuwa amewaahidi wafalme dhahabu, na dhahabu haikuwa nyingi kama alivyosema. Basi akaweka kodi. Kila Mtaino wa miaka 14 na zaidi katika sehemu zenye dhahabu alitakiwa, kila miezi mitatu, kuleta vumbi la dhahabu la kujaza njuga moja, zile kengele ndogo ambazo Wahispania waliwafungia kipanga wao wa kuwinda na ambazo hapo mwanzo waliwapa wenyeji kama zawadi. Sehemu zisizo na dhahabu walitoa pamba. Wengi hawakuweza kuijaza. Walikimbilia milimani, wakaacha mashamba ya muhogo, na njaa ikaingia.

Mwaka 1495 watu wake waliwakusanya Wataino kama 1,500. Zaidi ya 500 wakapakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Hispania. Takriban 200 walikufa njiani, wakatupwa baharini.

Husemwa sana kwamba maangamizi ya Wataino yalitokana na magonjwa, na kwamba ugonjwa hauna mwenye kulaumiwa. Magonjwa yaliua, na yaliua vibaya. Lakini ndui, ule ugonjwa mkubwa, ulifika Hispaniola mwishoni mwa 1518. Hesabu iliyofanywa na Wahispania wenyewe mwaka 1514 ilikuta Wataino wasiofika 30,000 kisiwani kote. Wanahistoria hawakubaliani walikuwa wangapi mwaka 1492. Wapo wanaosema laki chache, wapo wanaosema zaidi sana. Kwa makadirio yoyote yale, sehemu kubwa ya watu ilikuwa imekwisha kabla ya ndui kushuka merikebuni. Iliwamaliza kazi ya machimbo, njaa, vita na maradhi mengine yaliyotangulia.

Na wapo wanaosema tusimhukumu mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo. Ni hoja ya kusikilizwa, ila kuna jambo linalosahaulika: watu wa karne ya 15 walimhukumu. Walowezi wa Kihispania walimlalamikia kwa ukatili na kwa utawala mbovu, ufalme ukamtuma Francisco de Bobadilla kuchunguza, na mwaka 1500 Columbus alirudishwa Hispania akiwa na minyororo miguuni. Baadaye akaachiwa, akafanya safari ya nne, lakini ugavana hakurudishiwa. Alifariki Valladolid tarehe 20 Mei 1506, bado akishikilia kwamba alifika Asia.

Sasa, mtu huyu aliingiaje katika kalenda ya Marekani? Hakukanyaga hata jimbo moja kati ya majimbo 50 ya leo. Alifika Puerto Rico na kisiwa cha St. Croix mwaka 1493, ambavyo leo viko chini ya Marekani, basi.

Jibu la kwanza ni kwamba taifa changa lilihitaji babu. Walipojitenga na Waingereza, Wamarekani hawakutaka kumwadhimisha John Cabot, baharia aliyesafiri kwa bendera ya Uingereza. Columbus hakuwa na uhusiano na mtawala waliyemkataa. Chuo kilichoitwa Chuo cha Mfalme huko New York kikabadilishwa jina mwaka 1784 kikawa Columbia. Eneo la mji mkuu likaitwa Wilaya ya Columbia. Tarehe 12 Oktoba 1792, mwaka wa 300 tangu safari, chama kimoja cha New York kiliadhimisha siku hiyo kwa karamu, na mjini Baltimore likasimamishwa mnara wa kumkumbuka. Aliyekumbukwa katika maadhimisho hayo hakuwa yule wa njuga za dhahabu. Alikuwa jina zuri lisilo na madoa ya Kiingereza.

Jibu la pili lina damu. Usipolijua hutaelewa kwa nini bado kuna wazee wa Kiitalia wanaotokwa machozi sanamu ya Columbus inapong’olewa.

Kati ya 1880 na 1920, Waitalia kama milioni nne waliingia Marekani, wengi wao maskini wa kusini na Sicily. Walidharauliwa kwa rangi, kwa Ukatoliki, kwa lugha. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1890, mkuu wa polisi wa New Orleans, David Hennessy, alipigwa risasi, akafa kesho yake. Polisi wakawakamata Waitalia kwa wingi. Tisa wakashtakiwa mahakamani, na tarehe 13 Machi 1891 hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani: sita waliachiwa, na kwa watatu wazee wa baraza hawakukubaliana. Asubuhi iliyofuata umati wa maelfu ulivunja gereza. Watu 11 waliuawa, wengine kwa risasi ndani ya kuta, wengine wakatundikwa nje mbele ya umati. Baadhi yao hawakuwa wamefikishwa mahakamani kabisa. Magazeti makubwa ya nchi yalishangilia. Italia ikamwita balozi wake nyumbani, na pakawa na maneno ya vita.

Mwaka 1892 Rais Benjamin Harrison alilipa fidia ya dola 25,000. Na mwaka uleule alitangaza siku ya taifa zima kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Kwa kuwa kalenda ilikuwa imerekebishwa tangu siku za Columbus, tangazo liliweka Ijumaa tarehe 21 Oktoba. Kwa ajili ya siku hiyo, mwandishi Francis Bellamy alitunga kiapo cha bendera cha kusomwa na wanafunzi nchi nzima. Watoto wetu hapa Ohio hukisema kila asubuhi wakiwa wameweka mkono kifuani, na hawajui kwamba kilizaliwa na sherehe ya Columbus.

Waitalia waliishika siku hiyo kwa mikono miwili. Sanamu iliyo juu ya nguzo ndefu kwenye mzunguko wa Columbus, New York, ilisimamishwa mwaka 1892 kwa michango iliyokusanywa na gazeti la Kiitalia, senti za wachimba mitaro na washona nguo. Walikuwa wakisema kwa jiwe: mnatuita wageni, lakini Mtaliano ndiye aliyetangulia hapa. Chama cha Kikatoliki cha Knights of Columbus, kilichoanzishwa Connecticut mwaka 1882, kikabeba dai hilo jimbo hadi jimbo. Colorado ikawa jimbo la kwanza kuifanya sikukuu kwa sheria, mwaka 1907. Mwaka 1934 bunge la Marekani lilimwomba Rais Franklin Roosevelt kutangaza siku hiyo kila mwaka. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili, Waitalia kama 600,000 wasio na uraia waliwekwa kwenye orodha ya wageni maadui. Serikali ilipoamua kuwaondoa, ilichagua kulitangaza jambo hilo tarehe 12 Oktoba 1942. Hatimaye sheria ya mwaka 1968 ikaisogeza siku hadi Jumatatu ya pili ya Oktoba, na kuanzia 1971 ikawa sikukuu kamili ya serikali kuu.

Kwa hiyo ukimwona mzee wa Philadelphia amesimama kulinda sanamu, usimwone mara moja kama mtetezi wa utumwa. Huenda analinda kumbukumbu ya babu yake aliyeitwa majina mabaya kazini. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu mimi pia ni mhamiaji na najua thamani ya siku moja ambayo nchi ngeni inakuambia wewe ni wa hapa.

Ila kuna walioumizwa zaidi, na sauti yao ilichelewa kusikika. Mwaka 1977, wajumbe wa watu wa asili wa mabara ya Amerika walikutana Geneva na kupendekeza 12 Oktoba iwe siku ya mshikamano wao. South Dakota, jimbo lenye wenyeji wengi wa asili waitwao Walakota, liliacha Siku ya Columbus likaadhimisha Siku ya Wamarekani Asilia kuanzia mwaka 1990. Mwaka 1992, nchi ilipojiandaa kwa sherehe kubwa ya miaka 500, jiji la Berkeley huko California lilitangaza Siku ya Watu wa Asili badala yake. Miji mingine ilifuata polepole, kisha kwa kasi. Mwaka 2019 peke yake Maine, Vermont na New Mexico ziliibadilisha kwa sheria.

Kisha ukaja mwaka 2020. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, waandamanaji waligeukia sanamu. Ya Columbus mjini Richmond, Virginia, ilitupwa ziwani mwezi Juni. Ya Baltimore ikasukumwa bandarini tarehe 4 Julai. Huko Philadelphia, jiji liliifunika sanamu ya Marconi Plaza kwa sanduku kubwa la mbao, na kwa zaidi ya miaka miwili wakazi wakawa na mnara wa mbao katikati ya bustani: kila mtu anajua kilichomo, hakuna anayekiona. Mwaka 2022 sanduku likapakwa rangi za bendera ya Italia, kijani, nyeupe na nyekundu. Desemba mwaka huo mahakama ikaamuru liondolewe, na Columbus akaonekana tena. Sijui picha inayoeleza mgogoro huu vizuri kuliko sanduku lile.

Ikulu nayo imekuwa ikivutana. Oktoba 2021 Joe Biden alikuwa rais wa kwanza kutoa tangazo la Siku ya Watu wa Asili, akalitoa sambamba na lile la Columbus. Oktoba 2025 Donald Trump alitia saini tangazo la Siku ya Columbus peke yake. Matangazo ya marais, tuelewane, hayabadilishi sheria. Kwa sheria ya shirikisho siku ina jina moja tu tangu 1968, na ni bunge pekee linaloweza kulibadilisha.

Hapa kwetu, jiji lenye jina lake, mambo yalikwenda kwa ukimya zaidi. Mwaka 1955 Genoa ilitupa zawadi ya sanamu ya shaba, ikasimama mbele ya ukumbi wa jiji. Kwa maadhimisho ya 1992 ikajengwa nakala ya Santa María, chombo kizima cha mbao chenye milingoti na kamba zake, ikatiwa nanga mto Scioto katikati ya mji. Watoto wa shule walipelekwa kuipanda. Mbao zikaoza, mto ukafanyiwa matengenezo, na mwaka 2014 ikakatwa vipande ikaondolewa. Mwaka 2018 jiji likaamua kwamba haliwezi kuwalipa watumishi sikukuu zote mbili, likaacha Siku ya Columbus na kuwapa mapumziko Siku ya Wanajeshi Wastaafu, mwezi Novemba. Ndiyo maana mama yule alikuta ofisi za jiji wazi. Na tarehe 1 Julai 2020 sanamu ikashushwa kwa winchi. Jina la jiji limebaki.

Nje ya Marekani nitapita haraka. Hispania ndiyo inayoadhimisha 12 Oktoba kama siku yake ya taifa, kwa sheria ya mwaka 1987, na gwaride la kijeshi Madrid, lakini jina la Columbus halimo katika jina la sikukuu. Venezuela iliita siku hiyo Siku ya Upinzani wa Watu wa Asili mwaka 2002. Trinidad na Tobago iliifuta Siku ya Ugunduzi mwaka 1985 na badala yake ikaweka siku ya ukombozi wa watumwa. Bahamas, pale hasa alipotua, leo huadhimisha mashujaa wa taifa wakati huohuo wa Oktoba.

Ugunduzi: neno hilo lilitukaa sana sisi pia. Vitabu vyetu vya shule vilisema Columbus “aligundua” Amerika kwa kauli ileile iliyosema Rebmann “aligundua” Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga walikuwa wakilima miteremkoni bila kuinua macho. Malindi bado ina nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko Aprili 1498, na inajulikana wazi kwamba aliyemvusha hadi Calicut ni rubani aliyepewa na mtawala wa Malindi. Mtu anaweza kuwa wa kwanza wa kwao kufika mahali. Hiyo ni sifa. Kugundua ni neno jingine, na Kiswahili kina “kufika” la kutosha.

Na maoni yangu, kwa kuwa nimefika huku? Naona siku hii ipewe wenyeji wa asili, na Waitalia wapewe siku isiyobeba mzigo wa Columbus. Colorado imeonyesha inawezekana. Jimbo lilelile lililotangulia mwaka 1907 liliifuta Siku ya Columbus mwaka 2020, likaweka Siku ya Cabrini Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Frances Xavier Cabrini alikuwa mtawa Mtaliano, mhamiaji, aliyejenga shule, hospitali na nyumba za yatima kwa ajili ya Waitalia maskini, akafa Chicago mwaka 1917 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1946. Kama shida ya Waitalia ilikuwa kuonekana, Cabrini ndiye aliyewaona wakiwa matopeni. Wapo Waitalia waliokataa badiliko hilo, na sitawasemea.

Mama wa Uvira nilimtembelea jioni ileile. Alikuwa amepika ugali na sombe. Nilimweleza habari yote, safari hii bila haraka, na kwamba hata sombe iliyo mezani ni majani ya muhogo, na muhogo, kama mahindi ya ule ugali, ulitoka mabara ya Amerika ukafika Afrika kwa merikebu za Wareno baada ya safari zile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na wale waliomkuta ufukweni, waliisha wote?”

Kwa muda mrefu vitabu vilisema waliisha. Katika Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Cuba wapo watu wanaosema sisi ni Wataino, na walikuwa wakiambiwa wanajidanganya. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya jeni zilizotolewa katika jino la mwanamke aliyezikwa pangoni kisiwani Eleuthera, Bahamas, takriban miaka 1,000 iliyopita, kabla Columbus hajazaliwa. Walipozilinganisha na za watu walio hai, zikakutwa na undugu wa wazi na za watu wa Puerto Rico wa leo.

“Basi wapo,” akasema mama, akanisogezea sahani.